Folda ya ofisi haifunguki baada ya kuhamia Windows 11: mwongozo kamili wa kuirudisha

Jumatatu tarehe 8 Desemba 2025 simu iliita kabla sijamaliza chai. Ilikuwa ofisi ya uhasibu, ghorofa ya pili, Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu. Wikendi hiyo walikuwa wamebadilisha kompyuta zote sita. Mbili zilipandishwa kutoka Windows 10 hadi Windows 11, na nne zilinunuliwa zile zilizotumika ng'ambo, za ex-UK kama tunavyoziita, zikiwa na Windows 11 tayari. Asubuhi kila karani aliyetafuta Z:, herufi ambayo folda ya pamoja ya ofisi huonekana kwayo kwenye kompyuta yake, alikuta alama nyekundu ya X.

“Fundi, folda ya mishahara imepotea, na kesho ni tarehe 9.”

Tarehe 9 kila mwajiri wa Kenya anaijua: ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha PAYE, kodi ya mishahara, ya mwezi uliopita kwa mamlaka ya mapato, KRA.

“Haijapotea, madam. Faili ziko palepale zilipokuwa. Mtu yeyote asifomati chochote hadi nifike.”

Tangu Microsoft ilipoacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kilio hiki nimekisikia Kakamega, Busia na Bungoma pia. Nimeona vilevile tiba ya haraka inayotumika: fundi anazima ulinzi wote, folda inafunguka, analipwa, anaondoka. Tiba hiyo naipinga kwa nguvu zote. Katika ofisi moja niliyoikuta imetibiwa hivyo, mteja aliyekaa kwenye benchi la mapokezi akitumia Wi-Fi ya ofisi angeweza kufungua orodha ya mishahara kwenye simu yake, nambari za vitambulisho na za akaunti za benki zikiwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye ofisi azilinde taarifa hizo. Hata isingekuwapo sheria, zile ni siri za watu.

Chanzo cha tatizo kinaelezeka. Windows za zamani zilikuwa kama boma ambalo mtu anapiga hodi na kuambiwa karibu hata kabla hajataja jina. Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, huuliza jina na nenosiri, kisha hutaka kila ujumbe unaopita kati ya kompyuta mbili utiwe saini. Ufunguo wa saini hiyo hutokana na kule kuingia kwa nenosiri, kwa hiyo mgeni asiye na nenosiri hana cha kutilia saini. Dawa basi ni kila mtu kuwa na jina lake kwenye kompyuta inayohifadhi folda. Hatua nyingine zote ni za kuifungua njia ya kufika hapo.

Katika maelezo haya kompyuta inayohifadhi folda nitaiita kompyuta kuu. Jina lake mtandaoni liwe OFISI-KUU, na folda yenyewe iwe Kazi.

Kabla ya kugusa chochote

Diski ya zamani iwekwe kando, isifutwe. Kama kompyuta kuu ya zamani bado inawaka, iwashe, fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike:

`net share`

Utaona jina la kila folda iliyoshirikishwa na mahali ilipo kwenye diski. Kwenye kompyuta za makarani andika `net use`, uone Z: ilikuwa inaelekea wapi hasa. Piga picha za skrini hizo kwa simu. Picha hizo zitakuokoa saa nzima ya kubahatisha.

Angalia mambo mawili katika orodha hiyo. La kwanza ni jina la kompyuta. Mashine mpya huja na jina kama DESKTOP lenye herufi za ovyo nyuma yake, huku njia zote za mkato na majedwali ya Excel yaliyounganishwa bado yanaita jina la zamani. Ukiipa kompyuta kuu mpya jina lile la zamani, kwenye “Settings”, “System”, “About”, “Rename this PC”, nusu ya malalamiko huisha. Hakikisha tu ile ya zamani imezimwa, kwa sababu majina mawili yanayofanana kwenye mtandao mmoja hugongana.

La pili ni mahali pa folda. Kama ilikuwa ndani ya “Documents” au “Desktop”, huenda OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, imeihamishia kwenye folda yake wakati Windows mpya ikiandaliwa, na njia ya zamani haielekei tena popote. Folda ya ofisi nzima isikae kwenye nyumba ya mtu mmoja. Ihamishie mahali pake, kwa mfano `D:\Kazi`.

Kama kompyuta zilitoka kwa muuzaji mmoja, anzia hapa

Hili mimi nililigundua mwishoni siku ile, nikalazimika kurudia akaunti zote. Wewe lianze mwanzoni.

Wauzaji wengi wa kompyuta zilizotumika hutayarisha diski moja vizuri, kisha hunakili diski hiyo kwenye mashine nyingine kumi. Kila Windows ina namba yake ya utambulisho iitwayo SID, mfano wa namba ya kitambulisho cha taifa. Ukinakili diski bila kuisafisha kwanza kwa Sysprep, zana ya Windows ya kuondoa utambulisho huo, namba hiyo nayo hunakiliwa. Kwa miaka mingi halikuwa tatizo la kila siku. Lakini masasisho ya Windows 11 24H2 na 25H2 yaliyotolewa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 yanaikagua namba hiyo, na kompyuta mbili zenye SID moja hukataa kuaminiana. Dalili yake inachanganya: unaandika nenosiri sahihi, linakataliwa, unaandika tena, linakataliwa tena.

Pale ofisini kompyuta kuu mpya ilikuwa mojawapo ya zile nne. Zile mbili zilizopandishwa kutoka Windows 10 zilifungua folda bila shida, na tatu za ex-UK zikakataa jina lilelile na nenosiri lilelile. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Kwenye kila mashine andika:

`whoami /user`

Utapata mfululizo unaoanza na S-1-5-21, kisha makundi matatu marefu ya tarakimu, kisha namba fupi ya mwisho kama 1001. Iache hiyo ya mwisho, linganisha yale makundi matatu. Yakifanana kwenye kompyuta mbili, umempata mkosaji.

Tiba ya kudumu ni kuweka Windows upya kwenye zilizonakiliwa, au kuitengeneza upya ile diski ya mfano kwa Sysprep na kuinakili tena. Siku ile muda haukuwapo wa mashine nne. Niliweka Windows upya kwenye kompyuta kuu peke yake, kwa kuwa faili zilikuwa kwenye diski nyingine, ya D. Ikapata SID yake, zile tatu zikafungua. Jumamosi iliyofuata nikarudi kuzimalizia. Kama muuzaji wako bado anakupa dhamana, mrudishie kazi hii, ni wajibu wake.

Je, kompyuta zinaonana?

Kwenye kompyuta kuu andika `ipconfig`, usome anwani ya IPv4, tuseme 192.168.1.10. Fanya vivyo hivyo kwenye kompyuta ya karani. Kama yake ni 192.168.0 na kitu fulani, ziko kwenye mitandao miwili. Ofisi nyingi zina rauta ya kampuni ya intaneti na nyingine iliyonunuliwa baadaye kuongeza nguvu ya Wi-Fi, na kompyuta mpya zikaungwa kwenye hiyo ya pili. Kosa jingine ni kuunga mashine kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo kwa kawaida huzuia vifaa visionane, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kipimo ninachokiamini ni hiki, ndani ya PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

`Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445`

Lango namba 445 ndilo folda zinalopitia. Ukiona “TcpTestSucceeded : True”, njia iko wazi, endelea kwenye akaunti. Ukiona “False”, basi kuna ukuta mbele yako, na mara nyingi ukuta huo ni faiawoli ya kompyuta kuu inayodhani iko kwenye mtandao wa mkahawa.

Nenda kwenye kompyuta kuu, “Settings”, “Network & internet”, bofya muunganisho unaotumika, uchague “Private network”. Kisha ingia “Advanced network settings”, halafu “Advanced sharing settings”, uwashe “Network discovery” na “File and printer sharing” chini ya mtandao wa “Private”. Chini kabisa utaona “Password protected sharing”. Hiyo iache ikiwa imewashwa. Ndiyo swichi ambayo mafundi wa haraka huizima.

Usisumbuke kama kompyuta kuu haionekani ukibofya “Network” kwenye kidirisha cha faili. Orodha ile huchelewa na wakati mwingine haijai kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike `\\OFISI-KUU` au `\\192.168.1.10`, ubonyeze Enter. Likifunguka kwa anwani na kukataa kwa jina, tatizo ni la jina tu.

Kila mtu apewe jina lake

Kwanza, PIN unayowashia kompyuta asubuhi haifungui folda ya kompyuta nyingine. PIN ni ya mashine hiyo moja. Folda inataka nenosiri. Pili, kama kompyuta kuu inaingiwa kwa akaunti ya Microsoft, jina linalotakiwa ni ile barua pepe nzima na nenosiri lake, na watu wengi walilisahau siku ileile walipoweka PIN. Tatu, akaunti isiyo na nenosiri kabisa hairuhusiwi kuingia kupitia mtandao, hata ikiwa inafungua kompyuta yenyewe bila shida.

Kwa sababu hizo tatu, usihangaike na akaunti zilizopo. Tengeneza mpya kwenye kompyuta kuu, za kazi hii tu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike:

`net user mhasibu * /add`

Kinyota kinaifanya Windows ikuulize nenosiri bila kulionyesha kwenye skrini. Rudia kwa karani, stoo, na yeyote mwingine. Hapa natumia vyeo ili kueleza, lakini ofisini tumia majina ya watu wenyewe. Mtu akiacha kazi, unamfungia yeye peke yake kwa `net user stoo /active:no`, na wengine hawaguswi. Ofisi yenye nenosiri moja la wote hulazimika kulibadilisha kila mashine, na kwa hiyo hailibadilishi kamwe.

Kuna mtego ambao umenirudisha kwenye ofisi mbili tofauti. Akaunti zilizotengenezwa hivi huwa na nenosiri linalokwisha muda baada ya siku 42. Wiki sita zikipita, folda zinafungwa kwa watu wote siku moja, na kila mtu analaumu mtandao. Kama ofisi haina mtu wa kusimamia mabadiliko ya mara kwa mara, ondoa ukomo huo kwa PowerShell ya msimamizi:

`Set-LocalUser -Name mhasibu -PasswordNeverExpires $true`

Kisha chagua nenosiri refu. Maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ni magumu kubahatisha kuliko jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa.

Ruhusa zina milango miwili

Folda iliyoshirikishwa ina ruhusa za aina mbili, na iliyo kali kati yake ndiyo inayoshinda. Ya kwanza iko kwenye kichupo cha “Sharing”, inamhusu anayetoka kwenye mtandao. Ya pili iko kwenye “Security”, inamhusu kila anayegusa diski.

Bofya `D:\Kazi` kwa kitufe cha kulia, “Properties”, “Sharing”, “Advanced Sharing”, weka alama kwenye “Share this folder”, kisha “Permissions”. Mwondoe “Everyone”, uwaongeze watu wako, na uwape “Change”. Usishirikishe diski nzima ya C hata kwa siku moja.

Ukihamisha diski kutoka kompyuta ya zamani, fungua “Security” na huenda ukakuta “Account Unknown” ikifuatiwa na S-1-5-21. Hao ni watumiaji wa Windows iliyokufa. Faili zako ziko hapo, ila kwenye hati ya umiliki yamebaki majina ya marehemu. Kama hata msimamizi anakataliwa, ingia “Advanced”, ubadilishe “Owner”, na uweke alama ya kuhusisha folda zote za ndani. Baadaye, kwenye dirisha la amri la msimamizi, wala si PowerShell, mpe kila mtu ruhusa ya kusoma na kubadilisha:

`icacls D:\Kazi /grant mhasibu:(OI)(CI)M /T`

Mishahara itenge folda yake na ishirikishe kivyake, kwa mhasibu na mkurugenzi pekee. Mtu wa stoo hana haja nayo.

Upande wa karani

Windows hukumbuka majina ya zamani na kuyatuma kimyakimya, hivyo anza kwa kufagia. Fungua dirisha la amri la kawaida, si la msimamizi. Ukiunganisha Z: ukiwa msimamizi, karani hataiona kwenye kidirisha chake cha faili.

`net use * /delete`

Fungua “Credential Manager”, “Windows Credentials”, ufute kila kinachotaja kompyuta kuu, kwa jina au kwa anwani. Kisha:

`cmdkey /add:OFISI-KUU /user:OFISI-KUU\mhasibu /pass`

Itakuuliza nenosiri na kulihifadhi. Mwisho:

`net use Z: \\OFISI-KUU\Kazi /persistent:yes`

Tumia herufi ileile ya zamani, kwa sababu programu za uhasibu na majedwali yameizoea. Tengeneza faili moja ya majaribio ndani ya Z:, ibadilishe jina, ifute. Kufungua tu hakutoshi, kwani ruhusa ya kusoma bila kuandika hugunduliwa saa ya kuhifadhi kazi ya asubuhi nzima.

Ikikataa, sikiliza inasema nini

Namba 53 au 0x80070035 maana yake njia haikuonekana: rudi kwenye anwani, lango 445 na mtandao wa “Private”. Namba 1326 ni jina au nenosiri. Andika jina ukitanguliza kompyuta, `OFISI-KUU\mhasibu`, na ukiwa na uhakika nalo, kagua SID. Namba 5 ni habari njema kiasi, kwa kuwa umetambuliwa ila huna ruhusa, basi shughulikia “Security”. Namba 1219 inasema umekwisha kuingia kwenye kompyuta hiyo kwa jina jingine. Fagia tena kwa `net use * /delete`, na kama bado, ondoka kwenye akaunti yako uingie upya.

Ujumbe unaosema kwamba sera za usalama za shirika zinazuia mgeni asiyetambuliwa ndio unaowafanya wengi waanze kuzima ulinzi. Unamaanisha tu kwamba hukutaja jina. Litaje.

Fotokopi na vifaa vya zamani

Mashine ya fotokopi iliyokuwa ikituma skani moja kwa moja kwenye folda inaweza kunyamaza. Nyingi za zamani zinazungumza SMB1 pekee, lugha ya zamani ya kushirikisha faili ambayo Windows haiiweki yenyewe tangu mwaka 2017. Mei mwaka huo virusi vya WannaCry vilipita kwenye tundu la SMB1 na kufunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, ingawa kiraka kilikuwa kimetolewa Machi. Kwa hiyo ukishauriwa kuwasha “SMB 1.0/CIFS File Sharing Support”, kataa.

Tafuta kwanza kwenye menyu ya mashine kama kuna SMB2 au SMB3, au sasisha programu yake ya ndani. Ipe akaunti yake, tuseme skana, yenye ruhusa kwenye folda moja ya skani tu. Ikishindikana kabisa, itume skani kwa barua pepe au kwenye fleshi. Hatua chache za ziada kwa karani ni nafuu kuliko kufungiwa faili za miaka mitano.

Umeme, anwani na nakala

Stima ikipotea na kurudi, rauta inaweza kuipa kompyuta kuu anwani nyingine. Ingia kwenye rauta uitengee anwani yake ya kudumu. Izuie kompyuta kuu isilale, kwenye “Power”, maana ikilala folda hulala nayo. Mvua zetu za alasiri huja na radi, hivyo UPS, ile betri ya akiba, iishike kompyuta kuu, rauta na swichi ya mtandao kwa pamoja. Ukiacha rauta nje, umelinda nusu ya njia.

Jua pia kwamba Windows 11 inakubali vifaa 20 tu kwa wakati mmoja. Ofisi ikikua kupita hapo, ni wakati wa seva halisi.

Folda ya pamoja si nakala ya akiba. Virusi vikiingia kwenye kompyuta ya karani hufuata Z: mpaka mwisho. Nunua diski ya nje, nakili `D:\Kazi` kila Ijumaa jioni, kisha ichomoe na uifungie kwenye kabati. Mwezi mmoja baadaye ichukue, uiunge kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili tatu ulizochagua mwenyewe. Zikifunguka, irudishe kabatini.